Tarakimu Haina Msaidizi: Ukubwa na Mwanga katika Usomaji wa Vipimo

0. Utangulizi

Huenda msomaji akashangaa kukuta makala juu ya saa, mizani na vipimo vya shinikizo katika kurasa ambazo kwa kawaida hushughulikia ngeli, methali na riwaya. Lakini tarakimu ni maandishi, na kusoma maandishi ni jambo la lugha. Muuguzi aliye mbele ya kipimo cha shinikizo la damu anasoma, kama vile anavyosoma mtu aliyeshika gazeti. Hata hivyo masomo hayo mawili hayafanani. Tofauti yake ndiyo tutakayoieleza hapa, na kutokana nayo tutaona kwa nini ukubwa wa tarakimu, pamoja na mwanga unaoiangukia, haviwezi kuachwa kwa mtengenezaji kama mapambo tu.

Neno moja kwanza juu ya istilahi. Mafundi wetu waliojifunza kazi kwa Kifaransa husema kadrani. Kiswahili kina usemi uso wa saa, nao unatutosha: tutasema uso wa kipimo kwa bamba lolote lenye alama na tarakimu ambalo mshale huzunguka juu yake. Tarakimu ni kila moja ya zile alama kumi, kuanzia 0 hadi 9. Namba ni kile kinachoundwa nazo. Katika 85 kuna namba moja na tarakimu mbili. Wengi huyachanganya maneno haya mawili, na katika mada hii kuyachanganya kunaharibu hoja.

1. Lugha hurudia, tarakimu hairudii

Tuanze na sentensi nyepesi: Vitabu vyangu vile vizuri vimepotea. Wingi wa vitabu hivyo umetajwa mara tano, mara moja katika kila neno. Doa la mafuta likianguka juu ya neno la kwanza na kufuta silabi yake ya mwanzo, msomaji hatapata taabu, maana maneno manne yaliyobaki yatamshuhudia kwamba ni vitabu, wala si kitabu. Upatanisho wa ngeli, ambao wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza huuona kuwa mzigo, ni ulinzi pia. Mhandisi wa Marekani Claude Shannon, katika nadharia yake ya mawasiliano ya mwaka 1948, alilipa jambo hili jina tunaloweza kulitafsiri ziada, yaani ile sehemu ya ujumbe ambayo ingeweza kupotea bila maana kupotea nayo. Alikadiria kwamba takriban nusu ya Kiingereza cha kawaida kinachoandikwa ni ziada ya namna hiyo.

Sasa tuweke mbele ya msomaji yuleyule namba 38, na doa lilelile juu ya tarakimu ya kwanza. Hakuna kitu katika 8 kinachosema kwamba jirani yake alikuwa 3. Huenda alikuwa 2, au 5, au 9. Kila tarakimu imesimama peke yake; ikipotea, imepotea na habari yake yote. Lililo baya zaidi ni kwamba namba iliyosomwa vibaya hubaki namba halali. Neno lililoharibika hujitangaza lenyewe: tukiona kitamu mahali ambapo sentensi inadai kitabu, tunasita na kurudi nyuma. Lakini mtoto mwenye joto la 38,8 akisomwa 36,8, hakuna atakayesita. 36,8 ni joto la mtu mzima wa afya, na mama ataambiwa amrudishe mtoto nyumbani.

Kosa hilo la 6 mahali pa 8 si la bahati mbaya. Tukizichambua tarakimu kama tunavyozichambua fonimu, yaani kwa sifa zinazozitofautisha, tunaona kwamba 8 ina vitanzi viwili vilivyofungwa. Fungua upande wa kushoto wa vitanzi vyote viwili, utapata 3. Fungua upande wa kulia wa kitanzi cha juu, utapata 6. Fungua upande wa kushoto wa kile cha chini, utapata 9. Na 5 ni 6 iliyofunguliwa mahali pamoja tu. Kwa hiyo tarakimu tano kati ya kumi ni ukoo mmoja, na kinachowatenga ndugu hao ni pengo dogo, kama vile mtetemo wa nyuzi za sauti pekee unavyotenga pata na bata. Yafuatayo yote yanategemea jambo hili: msomaji wa kipimo hahitaji kuiona tarakimu, anahitaji kuliona pengo.

Tuongeze kwamba mdomo nao una hatari ya aina hiyo, na kwa bahati ya ajabu iko mahali palepale. Tarakimu 6 ikipinduliwa juu chini ni 9. Na katika Kiswahili, sitini na tisini zina silabi zilezile tatu, mbili za kwanza zikiwa zimebadilishana nafasi. Mtu anayesoma vipimo kwa sauti ili mwenzake aandike, katika chumba chenye kelele za mashine, anaweza kugeuza 60 kuwa 90 mara mbili: kwa jicho na kwa sikio. Sita na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu pamoja na makumi yake. Neno la Kibantu kenda, ambalo bado linasikika mashariki mwa nchi yetu, haliwezi kuchanganywa na sita hata kidogo. Anayependa kulitetea neno hilo anayo hapa hoja nzuri kuliko ile ya usafi wa lugha.

2. Ukubwa

Watu husema tarakimu ni kubwa au ndogo kana kwamba ukubwa ni mali yake. Kwa jicho, tarakimu ya milimeta 3 iliyo umbali wa sentimeta 35 ni sawa na ile ya milimeta 6 iliyo umbali wa sentimeta 70. Kinachohesabiwa ni pembe ambayo kitu hicho kinaifanya ndani ya jicho. Digrii moja hugawanywa katika dakika 60, na mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, alitunga lile bango la herufi ambalo hadi leo hutundikwa katika vyumba vya uchunguzi wa macho akichukua kipimo hiki: jicho zima hutenganisha mistari iliyo na pengo la dakika 1, na herufi nzima inayosomwa na jicho hilo ina urefu wa dakika 5. Kwa umbali wa sentimeta 70, ambao ni umbali wa mkono uliokunjuliwa, dakika 1 ni milimeta 0,2 tu, na dakika 5 ni milimeta 1.

Je, basi tuchore tarakimu za milimeta 1 kwenye vipimo vyetu? Hapana. Hicho ni kipimo cha mwisho wa uwezo, kinachopatikana kwa jicho la kijana, katika mwanga mzuri, bila haraka. Mtu anaweza kubeba gunia la kilo 80 hatua chache. Hatuwezi kumpangia kazi ya siku nzima kwa mzigo huo. Wanaotengeneza vyombo hutaka dakika 15 hadi 20 au zaidi, na fundi asiye na majedwali anaweza kuugawa umbali kwa 200. Kwa sentimeta 70 atapata milimeta 3,5. Kwa saa ya ukutani itakayosomwa kutoka mita 6 atapata milimeta 30. Kanuni hii ni rahisi kuikumbuka, na tunaipendekeza pia kwa walimu wanaoandika ubaoni: aliyekaa mita 8 kutoka ubaoni anahitaji herufi za sentimeta 4.

Lakini kukuza tarakimu kuna mpaka wake, na mpaka huo unaonekana vizuri katika kipimo cha shinikizo la damu chenye mshale. Uso wake una kipenyo cha sentimeta 5 hivi, na juu yake kunatakiwa kuandikwa kuanzia 0 hadi 300, kwa mistari ya kila milimeta 2 za zebaki. Hiyo ni nafasi 150 katika mzunguko usiofika sentimeta 16. Nafasi kati ya mstari na mstari haizidi milimeta 1. Mtengenezaji akikuza tarakimu, zitasongamana na kuifunika mistari. Akiandika namba chache ili azikuze, msomaji atalazimika kuhesabu mistari katikati. Kwa kawaida huandika namba kila baada ya 20 na kurefusha baadhi ya mistari iliyo kati. Kwetu sisi jambo hilo linafanana sana na tahajia: huwezi kuandika kila kitu kinachosikika, lazima uchague kitakachoandikwa na kitakachoachiwa akili ya msomaji.

Unene wa mstari wa tarakimu nao ni ukubwa. Mstari mwembamba mno hupotea. Mnene mno hulijaza lile pengo, na 3 ikawa 8. Mwaka 1944 Curt Berger alichapisha majaribio yake juu ya namba za magari na kuonyesha kwamba unene unaofaa hautegemei urefu peke yake. Tarakimu nyeusi juu ya bamba jeupe zilisomeka kutoka mbali zaidi unene wake ulipokuwa takriban sehemu 1 kwa 8 za urefu. Tarakimu nyeupe juu ya bamba jeusi zilitaka wembamba zaidi, takriban 1 kwa 13. Sababu ni kwamba mwanga huvuja. Kitu cheupe huenea kidogo katika jicho na kumega weusi ulio kando yake. Basi tarakimu nyeupe hujinenepesha yenyewe, ilhali nyeusi humegwa na weupe unaoizunguka. Tarakimu inayong'aa gizani huvuja zaidi ya zote, nayo yataka mstari mwembamba kuliko zote. Hapa tayari tumeshavuka kutoka ukubwa kuingia mwanga bila kupiga hodi, maana kwa kweli mambo haya mawili hayatengani.

3. Mwanga

Kipimo cha mwanga unaoangukia kitu huitwa luksi. Mshumaa mmoja ulio mita 1 kutoka kwenye karatasi huiangaza kwa luksi 1 hivi. Ukiusogeza hadi mita 2, hubaki robo yake. Mbalamwezi ya mwezi mpevu ni kama robo ya luksi. Ofisi iliyoangazwa vizuri ina luksi 500, na jua la saa sita mchana hufika 100 000. Jicho letu huyamudu yote hayo, na ndiyo sababu hatutambui ni kiasi gani kinapungua. Mtu anayetoka uani na kuingia chumbani amepoteza sehemu 99 kati ya 100 za mwanga, naye hasemi neno.

Anachopoteza ni uwezo wa kuona mapengo. Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili: seli za umbo la koni, zinazotambua rangi na vitu vidogo lakini zinataka mwanga wa kutosha, na seli za umbo la fimbo, zinazofanya kazi gizani lakini hazijui rangi na huona kwa ukungu. Mahali pa katikati kabisa pa jicho, pale tunapopaelekeza tunaposoma, kuna koni tu, fimbo hakuna. Kwa hiyo katika giza nene, ukiikodolea macho tarakimu, huyeyuka. Ukitazama kando yake kidogo, unarudi kuona kwamba kuna kitu, ila huwezi kukisoma. Wazee waliolinda mashamba usiku walijua kwamba mnyama huonekana vizuri asipotazamwa usoni. Hawakuwa na tarakimu za kusoma, basi hasara hiyo haikuwahusu.

Mwaka 1959 Wamarekani wawili, Peters na Adams, waliandika kanuni ambayo kwa maoni yetu inafundisha zaidi ya maelezo marefu. Urefu wa tarakimu, walisema, ni jumla ya vitu vitatu: umbali mara 0,0022, nyongeza kwa ajili ya hali ya mwanga na ya kusoma, na nyongeza ya mwisho kama habari hiyo ni ya dharura. Tuigeuze katika milimeta. Kwa umbali wa sentimeta 71, sehemu ya kwanza ni milimeta 1,6. Mwanga ukizidi luksi 11 hivi na mambo mengine yakiwa mazuri, nyongeza ya pili ni 1,5. Mwanga ukipungua chini ya hapo, au mwanga ukitosha lakini msomaji akiwa katika hali mbaya, nyongeza ni 4,1. Mabaya yote mawili yakikutana, ni 6,6. Habari ya dharura huongezewa 1,9. Tarakimu ileile basi, kwa msomaji yuleyule, itatakiwa kuwa na milimeta 3,1 mchana na milimeta 8,2 gizani, na ikiwa ni ya dharura, 10,1. Umbali haukubadilika hata kidole kimoja. Anayelalamika kwamba tarakimu ni ndogo mara nyingi angepaswa kulalamika juu ya taa.

Umri nao hula mwanga. Mboni ya mzee haipanuki kama ya kijana, na lenzi yake imegeuka kuwa ya manjano; mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takriban theluthi ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20 katika chumba kilekile. Mzee anayepeleka chupa ya dawa mlangoni ili asome maandishi yake hafanyi hivyo kwa sababu ya mkono mfupi tu.

Hata hivyo mwanga mwingi si dawa ya kila kitu. Kila upande wa kioo kinachofunika kipimo hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga. Umeme unapokatika, na mtu akapiga tochi ya simu moja kwa moja juu ya kioo, huona nyota nyeupe mahali ambapo angepaswa kuona namba. Tochi ishikwe kando na ielekezwe kwa mshazari, ili mwanga unaorudishwa na kioo uende upande mwingine na ule unaorudishwa na bamba ufike machoni. Kwa ushauri huu hakuna gharama yoyote.

Rangi ya mwanga inataka uangalifu wa pekee. Katika Vita vya Pili vya Dunia marubani wengi waliangaziwa vipimo vyao kwa taa nyekundu, kwa sababu seli za fimbo karibu hazihisi mwekundu: rubani aliweza kusoma namba kwa koni zake bila kuziharibu fimbo alizozihitaji kutazama nje gizani. Jicho lililozoea mwanga mkali huchukua karibu nusu saa kulizoea giza tena, na nusu saa ni nyingi vitani. Lakini chini ya taa nyekundu, mstari mwekundu uliochorwa juu ya bamba jeupe hupotea kabisa, kwa kuwa bamba nalo limekuwa jekundu. Na mstari huo mwekundu ndio watengenezaji wengi wanaoutumia kuonya hatari. Katika mwanga hafifu usio na rangi mambo si mema pia. Mcheki Jan Purkinje, mwanzoni mwa karne ya 19, aliona kwamba maua mekundu, yanayong'aa kuliko mengine mchana, huwa meusi kuliko yote alfajiri. Onyo lililoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya nyeusi ni onyo la mchana tu.

4. Jiwe la Katanga

Njia nyingine ni kuifanya tarakimu ijiangaze yenyewe, na hapo historia ya jambo hili inapita nyumbani kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 iligunduliwa kwamba radiamu ikichanganywa na salfidi ya zinki hutoa rangi inayong'aa gizani bila kuwashwa. Vita vya Kwanza vya Dunia viliipa soko: askari alihitaji kusoma saa yake handakini bila kuwasha kiberiti kitakachomwonyesha kwa adui. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, kiwanda kilifunguliwa mwaka 1917 ambamo wasichana walipaka rangi hiyo kwenye nyuso za saa. Tulisema hapo juu kwamba tarakimu inayong'aa yataka mstari mwembamba. Ili kuupata wembamba huo, wasichana walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Taya zao zilioza, na wengi walikufa. Kesi ya watano kati yao ilimalizika kwa mapatano mwaka 1928.

Radiamu ya wasichana hao wa kwanza ilitokana hasa na mawe ya Colorado. Lakini Shinkolobwe, karibu na Likasi, madini yenye urani yaligunduliwa mwaka 1915, nayo yalikuwa tajiri kuliko yote yaliyojulikana. Kuanzia 1922 yalisafishwa Olen, nchini Ubelgiji, bei ya radiamu ikashuka, machimbo ya Marekani yakashindwa kushindana, na kwa takriban miaka kumi Katanga ndiyo iliyotawala soko la radiamu duniani. Watu hulitaja jina la Shinkolobwe kwa ajili ya bomu la 1945, nao wana haki. Kabla ya bomu, hata hivyo, jiwe hilo lilikuwa limekwisha kuwasaidia maelfu ya watu kusoma saa zao usiku, na wachimbaji wake hawakuandikwa katika kesi yoyote tuijuayo.

Tarakimu hizo za kale siku hizi hazing'ai tena. Msomaji asidhani kwamba radiamu imekwisha: nusu ya radiamu hubaki baada ya miaka 1600. Kilichochoka ni ile salfidi, iliyopigwa na miali hadi ikaharibika. Kwa hiyo anayemiliki saa ya zamani ya namna hiyo asiifungue wala asiikwaruze uso. Baadaye radiamu iliachwa, ikaja tritiamu, ambayo nusu yake hupotea kwa miaka 12 hivi, na tangu 1993 ikapatikana rangi ya aluminati ya strontiamu iliyotengenezwa na kampuni ya Nemoto ya Japani, isiyo na miali ya hatari, ila huhitaji kushibishwa mwanga kwanza.

5. Alama ndogo yenye uzito mkubwa

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones, waliofanya kazi katika maabara ya jeshi la anga la Marekani, walikusanya visa 270 ambavyo marubani wenyewe waliviita makosa yao katika kusoma vipimo. Kundi kubwa kuliko yote lilihusu vipimo ambavyo mshale wake huzunguka zaidi ya mara moja, hasa kipimo cha mwinuko chenye mishale mitatu: mrefu wa mamia ya futi, mfupi zaidi wa maelfu, na mdogo kabisa wa makumi elfu. Walter Grether akakijaribu kipimo hicho mwaka 1949. Marubani walitumia sekunde 7 hivi kukisoma, na zaidi ya jibu 1 katika 10 lilikosea kwa futi 1000 au zaidi. Namba ilipoandikwa kwa tarakimu tupu katika dirisha dogo, sekunde 2 hazikutimia.

Kipimo kile hakikuondolewa. Tarehe 24/12/1958 ndege ya abiria aina ya Britannia, iliyokuwa katika safari ya majaribio, iliteremka ndani ya ukungu karibu na Christchurch, kusini mwa Uingereza, marubani wakiamini kwamba wako futi 10 000 juu zaidi ya pale walipokuwa. Kati ya watu 12 waliokuwamo, 9 walikufa. Miezi minane kabla yake ndege ya aina ya Viscount ilianguka Uskoti kwa kosa lilelile. Mshale mdogo kuliko yote ndio uliobeba thamani kubwa kuliko yote. Hakuna anayeweza kuitetea sarufi ya namna hiyo.

Sisi nasi tunayo alama kama hiyo, nayo ni mkato katika desimali. Ni ndogo kuliko tarakimu yoyote, hupotea kabla ya nyingine zote mwanga unapofifia, nayo ikipotea thamani huwa mara kumi: miligramu 1,5 inakuwa 15. Wafamasia hufundishwa kuandika 0,5 na kamwe si mkato usio na sifuri mbele yake, ili sifuri imwonye msomaji kwamba kuna mkato. Tena hufundishwa kutoandika 5,0, kwani mkato ukififia itasomwa 50. Sifuri ya kwanza ni ile ziada tuliyoieleza mwanzoni: haiongezi thamani, huongeza ulinzi. Kwa wasemaji wa Kiswahili jambo lina utata wa pili. Tulio Kongo tulirithi mkato wa Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huandika nukta, nao mkato huutumia kutenga maelfu. Namba 1,500 kwa msomaji wa Lubumbashi ni moja na nusu, kwa msomaji wa Nairobi ni elfu moja na mia tano. Kila kitabu cha afya kinachovuka mpaka kingepaswa kueleza desturi yake katika ukurasa wa kwanza, na vichache vinafanya hivyo.

6. Mahali pa mshale

Isidhaniwe kutokana na jaribio la Grether kwamba tarakimu tupu ni bora daima. Tumesema tarakimu haina msaidizi. Kwenye uso wa duara inaye mmoja, nao ni mahali. Mtu wa Zanzibar akiona mshale mfupi juu ya 7 asubuhi, husema saa moja bila kusita. Haisomi hiyo 7, pengine haioni. Anasoma mahali pa mshale, na angesema hivyohivyo kama uso usingekuwa na tarakimu hata moja. Hatujui ushahidi mwingine wa kila siku ulio wazi kama huu kwamba mahali na tarakimu ni maandishi mawili yaliyowekwa pamoja. Fundi wa mtambo naye hupita mbele ya vipimo kumi na kuona kwa kutupa jicho kwamba mishale yote imesimama wima isipokuwa mmoja. Kwa kazi hiyo mwanga hafifu unatosha, kwa sababu mshale mzima ni mkubwa kuliko pengo la 3.

Dirisha la tarakimu hushinda pale namba kamili inapotakiwa, na pale jicho lisipokuwa na muda wa kutafuta. Robert Sleight, mwaka 1948, alionyesha nyuso za maumbo matano kwa sekunde 0,12 tu. Uso wa wima ulisomwa vibaya mara 35,5 katika 100, uso wa duara mara 10,9, na ule wa dirisha, ambamo jicho linajua mapema pa kutazama, mara 0,5.

Tarakimu za vyombo vya elektroniki, zilizoundwa kwa vipande saba vinavyowaka, zimeurudisha ule ukoo wa 8 kwa ukali zaidi. Kipande cha katikati kikifa, 8 ni 0. Cha juu kulia kikifa, ni 6. Cha chini kushoto, ni 9. Kipande cha juu cha 7 kikifa, hubaki 1. Ndiyo sababu vyombo vingi vya kupimia sukari katika damu, vinapowashwa, huonyesha 888 kwa muda mfupi. Mgonjwa hudhani chombo kinajiandaa tu, kumbe kinamwonyesha vipande vyake vyote ili avikague. Afundishwe kuvikagua.

Wanafunzi wanaotaka kulihakikisha jambo hili hawahitaji maabara. Waandike namba 50 za tarakimu mbilimbili bila mpangilio, kwa urefu wa milimeta 3, wazitundike ukutani usiku na kuwasha mshumaa mita 1 kutoka kwenye karatasi. Msomaji asimame mita 1 pia, kando, asiuzibe mwanga, asome kwa sauti, na mwenzake aliyegeuza mgongo aandike. Kisha mshumaa urudishwe hadi mita 2, halafu mita 3, kwa orodha mpya kila mara. Makosa yapangwe katika jedwali lenye tarakimu iliyoandikwa upande mmoja na tarakimu iliyopatikana upande wa pili. Yale ya 60 na 90 yahesabiwe pekee, na jaribio lirudiwe kwa Kifaransa, ili ijulikane ni mangapi yalitoka machoni na ni mangapi yalitoka masikioni.